Alama Nyekundu za Avenue Mugaba

Mji wa Bukavu unaweza kushindwa kuchimba mtaro kwa miaka arobaini, lakini haujawahi kushindwa kuandika mpango. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakubwa wa mji wetu wamegundua njia ya tatu: kukodi ukumbi wa hoteli kando ya ziwa, kualika watu mia na ishirini, kuwagawia kalamu na maji ya chupa, kisha kuujadili ufa mpaka saa ya chakula.

Katika ukumbi wa namna hiyo ndimo alimokaa Adélaïde asubuhi ile Mpango wa Bukavu 2050 ulipoonyeshwa kwa wananchi. Kwenye karatasi ya mwaliko aliitwa mwakilishi wa akina mama wa Kadutu, cheo ambacho hakuna mama hata mmoja wa Kadutu aliyempa. Ukweli ni kwamba mwaliko ulikuwa wa Guylain, chef wa avenue yao, na Guylain alikuwa msibani Kalehe. Adélaïde alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwenye Kifaransa safi na miwani mizito, kwa hiyo akatumwa yeye. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akakaa safu ya pili, akakunja mikono, tayari kudharau.

Katika kudharau alikuwa fundi. Mtu akisahihisha madaftari miaka thelathini, huliona kosa kabla hajaiona sentensi. Na mahali alipoishi palimpa kazi ya kutosha. Avenue Mugaba ni avenue kwa jina tu. Gari halijapita hapo tangu dunia iumbwe. Ni ngazi ya udongo na mifuko ya mchanga inayoteremka kutoka barabara ya juu hadi kijito kilicho chini, na nyumba zimeng'ang'ania pande zote mbili. Kila aliyejenga alikata kipande cha mlima, akaweka nyumba yake, na nyuma ya nyumba akasimamisha ukuta wa mawe kuuzuia udongo wa mwenzake wa juu. Ndivyo watu wanavyojenga huku: uwanja wa jirani wa juu umekaa juu ya ukuta wa jirani wa chini. Nyumba ya Adélaïde ilikuwa ya juu kabisa, ya matofali ya kuchoma na mabati ya buluu, iliyojengwa na marehemu mumewe Léopold. Ndiyo pekee iliyokuwa na hati ya ardhi yenye mihuri yote. Kutoka mlangoni mwake aliyaona mabati yenye kutu ya nyumba thelathini na moja, na hakuna asubuhi aliyosahau kuyatazama.

Ukumbini, mtaalamu aliyesimama mbele aliitwa Cédric, kijana kutoka Kinshasa mwenye viatu vyenye ncha na Kiswahili cha kuokoteza. Nyuma yake ilining'inia ramani ya mji mzima, yenye rangi kama keki ya arusi. Alionyesha treni ya juu kwa juu itakayotoka Bagira hadi Panzi. Alionyesha bandari mpya. Alizungumza kwa saa nzima juu ya mwaka 2050, mwaka ambao kila mwenye mvi mle ukumbini atakuwa amelala Ruzizi, makaburini, na labda ndiyo maana walimpigia makofi bila wasiwasi.

Adélaïde alinyanyuka akaisogelea ramani. Alitafuta avenue yake kwa kidole, kuanzia sokoni akipanda juu. Mahali pake palikuwa pamepakwa kijani, na juu ya kijani wamechora vimiti vidogo vya mviringo.

"Hii kijani ni nini?" akauliza.

"Hiyo ni corridor vert, maman," Cédric akajibu. "Miti, njia ya kutembea, banc ya kukaa."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Yangu. Nimetoka ndani yake asubui."

Watu wakacheka. Cédric naye akacheka, akatazama karatasi zake, akasema wale wenye kukaa katika kijani wanaitwa familia zilizoguswa na mradi, na mji hautawasahau. Watapelekwa Nyantende, kwenye mji mpya, kila familia kiwanja kimoja chenye bomba la maji na hati yake. Alibonyeza kitufe, na ukutani zikatokea nyumba nyeupe zilizopangwa mstari, na watoto weupe-weupe wakiendesha baiskeli.

"Ni muzuri," Adélaïde akasema. "Lakini mbele ya kufika 2050, munaweza kututengenezea caniveau moja, mutaro ya maji? Moja tu. Maji ya barabara yote inashukia kwetu."

Msichana mmoja aliandika jambo kwenye kijikaratasi cha njano, akakibandika ukutani kati ya vijikaratasi vingine hamsini. Adélaïde akainama kukisoma. Kilikuwa kimeandikwa neno moja la Kifaransa, lenye maana ya ustahimilivu. Kisha kengele ya chakula ikalia, na wawakilishi wa wananchi wakaondoka kwa kasi ambayo hawakuwa wameionyesha asubuhi yote.

Jioni hiyo alisimama mbele ya kibanda cha makaa cha Euphrasie, jirani yake wa chini, akawasimulia wenzake yote. Na alisimulia vizuri, tusimnyime haki yake. Alitembea kama Cédric, akainua viatu vyenye ncha ambavyo hakuwa navyo, akaiga sauti yake akitaja treni ya juu kwa juu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipofika kwenye viwanja vya Nyantende, akaongeza chumvi: bomba ndani ya kila uwanja, maua mlangoni, na hati yenye bendera. Aliona kicheko kimepungua, akadhani wamechoka.

Hawakuwa wamechoka. Alikuwa amewapa dhihaka, wao wakachukua viwanja na kumwachia dhihaka yake. Mtu aliyekaa ndani ya nyumba ambayo mvua ikinyesha watoto hulala wameketi, usimtajie kiwanja chenye bomba kisha utegemee asikie kicheko chako.

Wiki mbili baadaye wakaja maajenti wa ofisi ya mpango, wanaume wawili na kopo la rangi. Walitokea chini, upande wa kijito, na hawakupanda ngazi yote. Jua lilikuwa kali. Walipiga msalaba mwekundu kwenye nyumba sita za chini, zile zilizokaa karibu na kijito, wakaandika namba moja hadi sita, wakaenda zao. Kwa watu wa kawaida, msalaba mwekundu ukutani ni habari mbaya. Lakini Avenue Mugaba ilikuwa imekwisha kusikia habari za Nyantende kutoka kinywani mwa mwalimu, na mwalimu hasemi uongo. Kwa hiyo watu walienda kuwapongeza wale sita. Kuna mmoja, Fabien, fundi wa redio, aliyeletewa hata kuku.

Wivu ukaingia. Kwa nini sita tu? Nani kawachagua? Guylain, aliyerudi kutoka Kalehe, alisikia malalamiko hayo na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi ya uongozi wake akafanya kazi kwa bidii. Alikumbuka kwamba katika kanisa dogo la mtaani kulikuwa na kopo la rangi nyekundu lililobaki walipopaka lango. Rangi ilikuwa karibu ileile. Akaanza na namba saba. Kwa kila mlango aliopiga msalaba alipewa soda au kikapu cha viazi, na akaandika namba kwa mkono wa kiserikali, akitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili. Siku ya pili jioni alikuwa amefika thelathini na moja.

Aliyepanda kwa Adélaïde hakuwa Guylain, kwa maana Guylain alimwogopa. Alipanda Théodore, mume wa Euphrasie, mwashi wa miaka sitini na kitu, ambaye nusu ya kuta za avenue ile zilipita mikononi mwake. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Maman Mwalimu, ungeweka na yako," akasema. "Rangi ingali kidogo. Iko karibu kuisha."

Adélaïde alivua miwani.

"Papa Théodore, ulisha ona ngombe yenye inajitia alama yenyewe mbele ya kwenda kuchinjwa ku abattoir?"

Théodore akaizungusha kofia mkononi.

"Mimi niko na certificat. Nitatafuta nini Nyantende? Na weye, fundi muzima, miaka makumi ine unajengea batu nyumba, leo unaombea parcelle na rangi ya chapelle. Hauoni haya?"

"Haya niko nayo," Théodore akasema polepole. "Lakini niko na bajukuu tano tena. Mvua ya mwaka jana, ukuta ya nyumba ilijaa maji mpaka fasi ya kitanda. Kama kule kuko fasi kavu, nitaenda."

"Bacha nicheke," akasema Adélaïde, na kweli akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba. Théodore alivaa kofia yake akateremka. Neno lile la ng'ombe lilizunguka avenue yote kabla ya jua kuzama, kwa sababu Adélaïde mwenyewe alilirudia mara tatu kwa watu watatu, akihofia lisije likapotea.

Mwezi wa nane, ofisi ikarudi, safari hii na mkuu wake, mwanamume mnene mwenye faili, polisi wanne, na vijana kama ishirini wenye nyundo na mitaimbo. Mashine haikuja, hakuna mashine inayoweza kupanda pale. Mkuu alifungua faili, akahesabu kwa kidole, akatazama mlima. Kwenye faili lake kulikuwa na nyumba sita. Kwenye mlima kulikuwa na misalaba thelathini na moja.

"Nani aliweka hizi zingine?" akauliza.

Kusema ukweli kulikuwa ni kukipoteza kiwanja cha Nyantende, na pengine kulala kwa polisi kwa kosa la kughushi alama ya serikali. Macho yote yakamgeukia Guylain. Guylain akakohoa, akasimama wima.

"Ni État, chef, ni serikali," akasema. "Balikuya bengine, nyuma ya bale ba kwanza."

"Iko na numéro?"

"Iko na numéro, chef. Mpaka trente et un."

Mkuu alifikiri kidogo. Mtu mwingine angerudi ofisini kuulizia. Lakini kurudi ni kupanda ngazi ile yote kisha kuishuka tena, naye alikuwa anatokwa jasho. Alichukua kalamu, akaifuta sita akaandika thelathini na moja, na kwa mstari huo mmoja Mpango wa Bukavu 2050 ukatangulia mbele ya ratiba yake.

Alipofika juu, kwa Adélaïde, hakukuta msalaba. Adélaïde alikuwa anamngoja na hati yake ndani ya plastiki. Mkuu aliisoma yote, akageuza nyuma, akaisoma tena kwa heshima, maana hati yenye mihuri yote hata yeye alikuwa hajaiona siku nyingi.

"Document yako iko kamili, maman. Nyumba yako, hakuna mutu atagusa."

"Minajua," akasema Adélaïde.

Wakaanza kubomoa. Ofisi haikuwa na pesa za kuwalipa vijana, kwa hiyo waliambiwa malipo yao ni mawe. Jiwe zuri la msingi lina soko Bukavu, wenye kujenga maghorofa hawaachi kulitafuta. Basi vijana hawakuhangaika sana na matofali ya udongo, waliyaangusha tu. Mawe ndiyo waliyoyatoa kwa uangalifu, moja moja, kutoka katika kuta zile za nyuma, wakayabeba mgongoni hadi barabarani yalikosubiri malori. Wenyewe walisaidia. Théodore alipanda juu ya paa lake akashusha mabati huku akipiga mluzi, maana mabati hayo aliyaona tayari yakiwa Nyantende.

Na Adélaïde? Tuseme ukweli wote. Aliweka kiti uwanjani, akanywa chai, akatazama. Ukuta wa Théodore, ule uliokuwa chini tu ya miguu yake, aliuona ukitoka jiwe kwa jiwe, na hakufikiri chochote. Macho yake yalikuwa mbali. Paa za watu zilipoondoka, kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliliona ziwa kutoka nyumbani kwake, lote, pamoja na rasi zake na mashua ya Goma ikija. Alifurahi. Alisogeza kiti alione vizuri zaidi.

Siku ya tatu watu wa Avenue Mugaba walichanga wakakodi lori, wakapakia magodoro, masufuria na mabati, wakaenda Nyantende kuchukua viwanja vyao. Walikuta shamba la maharage. Katikati ya maharage alisimama mzee mmoja, Ezéchiel, na jembe lake. Guylain alishuka, akamweleza habari za mpango, mji mpya, mabomba na hati. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, bila haraka.

"Hii shamba babu yangu aliipata na kalinzi, malipo ya desturi," akasema. "Alipeleka ngombe mbili kwa mwami, mukubwa wa inchi, batu bakiona, na bale batu batoto wabo bangali pale, uende ubaulize. Ile mpango yenu ilipeleka ngombe ngapi?"

Katika hoteli kando ya ziwa walikuwa wamejadili treni ya juu kwa juu, lakini hakuna aliyefikiria kwenda kumuuliza mwenye maharage. Lori likageuza. Watu wakatawanyika kwa ndugu zao, huyu Panzi, yule Bagira, wengine kwenye darasa la parokia, familia nne katika chumba kimoja na ubao mweusi.

Adélaïde alipata habari hizo kutoka kwa Euphrasie mwenyewe, aliyemkuta soko la Kadutu akiuza makaa chini ya mwavuli uliovunjika. Euphrasie alisimulia kwa kifupi, bila kulia. Adélaïde alikuwa na maneno mengi angeweza kuchagua. Alichagua haya:

"Si nilibaambia?"

Euphrasie aliendelea kupima makaa. Aliyamimina katika mfuko wa Adélaïde, akaufunga, akampa, akamgeukia mteja mwingine. Adélaïde alipanda mlima na makaa yake akiwa na hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli na kweli ile haikumletea utamu wowote.

Septemba shule zikafunguliwa na mvua ikaja. Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, kwa muda wa saa moja hivi, na maji ya barabara yakashuka kama kawaida, yakapita kwenye uwanja wake yakielekea kule zilikokuwa nyumba. Asubuhi alikuta ufa umepita katikati ya uwanja, mwembamba kama uzi. Aliumwagia majivu akaukanyaga. Baada ya mvua ya pili ufa ulimeza kidole gumba. Baada ya ya nne aliingiza mkono mzima, na mlango wa jikoni ukawa haufungi tena, kwa sababu fremu yake ilikuwa imeinama upande wa ziwa.

Hapo hofu ikamshika, hofu ya kweli. Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na Léopold. Mtoto hawakupata. Kila tofali alilijua. Mengine aliyabeba mwenyewe kichwani mwaka ule wa ujenzi, akitoka shuleni. Alichukua hati yake akaenda ofisini.

Mkuu alimkumbuka, akampa kiti.

"Niko nataka autorisation ya kujenga ukuta," Adélaïde akasema. "Chini ya uwanja yangu. Udongo inaenda."

"Kule chini ni zone verte sasa, maman. Construction iko interdite, hakuna kujenga."

"Lakini niko na certificat."

"Ndiyo. Ya parcelle yako. Ukuta unataka kuweka mu parcelle ya bale batu balitoka, na ile ni ya mji." Alifungua mikono kama padri. "Ndani ya parcelle yako ufanye vile unapenda. Nilikuambia hakuna mutu atagusa nyumba yako. Kuko mutu aligusa?"

"Hapana."

"Unaona."

Adélaïde alitoka. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kukutana na sentensi isiyokuwa na kosa hata moja na bado ikawa ya kijinga namna ile. Alisimama kwenye ngazi za ofisi akitafuta wa kumlaumu. Alimtukana Cédric moyoni, akamtukana mkuu, akamtukana Guylain na kopo lake. Kisha akakumbuka ni nani aliyepeleka habari za viwanja mbele ya kibanda cha makaa na kuzitia chumvi, na nani aliyekunywa chai wakati mawe yanatoka. Aliona aibu. Ilimchoma usoni kama moshi wa jikoni, akashindwa kuifuta.

Kesho yake alikwenda Bagira. Aliuliza nyumba kwa nyumba mpaka akampata Théodore kwa mdogo wake, vyumba viwili, watu kumi na mmoja. Wajukuu walikuwa wanakula. Euphrasie alimwona, akaleta kigoda, akakiweka chini. Adélaïde alieleza ufa. Hakueleza kitu kingine, hakuweza. Théodore alisikiliza, akasema atakuja Jumapili baada ya misa.

Alikuja kweli, na uzi wa timazi mfukoni. Aliuangusha pembeni mwa ukuta wa jikoni, akautazama, akaukunja tena. Aliteremka hadi mahali ulipokuwa uwanja wake mwenyewe, akagusa udongo kwa kiganja, akauminya. Maji yakatoka. Alipanda polepole.

"Ile ukuta nilijenga na marehemu," akasema. "Yeye alileta mawe, miye nilipanga. Alikuwa anasema, Théodore, weye lala, miye niko juu ya mugongo yako."

"Hakuniambia."

"Ilikuwa na maana gani kukuambia? Ilikuwa inasimama."

"Tuijenge tena. Hata bila autorisation yao. Nitatafuta mawe."

Théodore alitikisa kichwa. "Yangu ilikuwa inategemea ile yenye iko chini, na ile inategemea ingine, mpaka kwa Fabien, ku mto. Ukuta kumi na mbili, Maman Mwalimu. Utaanzia kule. Weye peke yako, na mvua yote hii?"

Adélaïde alitazama chini. Mlima ulikuwa umechubuka wote, mwekundu, na maji yakitiririka kila mahali. Ziwa lilikuwa palepale, linaonekana vizuri sana.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Mvua moja. Mbili, kama Mungu anakupenda." Théodore akagonga ukuta kwa vidole. "Mabati ingali mazima. Milango ni mbao ya libuyu, ile haiozi. Tukiitoa sisi, utabaki na kitu. Tukiachia mvua, itapeleka yote, pengine na weye ndani."

Siku mbili baadaye, Jumanne asubuhi, wakati mbingu bado ni nyeupe, Adélaïde alifungua mlango akawakuta uwanjani. Théodore na nyundo yake. Euphrasie na kamba. Fabien wa redio. Hata Guylain alikuwepo, amesimama nyuma, akitazama viatu vyake. Hakuwaita wote hawa. Alikuwa amemwomba Théodore peke yake. Alitaka kusema karibuni, akachelewa. Walikuwa wameingia ndani tayari, wakatoa kitanda, meza, kabati la vitabu, wakavipandisha barabarani. Euphrasie alipita na mto kichwani, akasema bila kusimama kwamba kwao Bagira watasogeana, kitanda kitaingia, kabati hapana.

Théodore aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa mbele. Ngazi ikateleza, ardhi ilikuwa laini. Akaiegemeza tena.

Adélaïde alimwendea. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, na miwani yake ikaingia ukungu, akaivua.

"Papa Théodore. Nilibacheka."

"Ulitucheka sana," Théodore akasema. Alikuwa amekwisha weka mguu kwenye kipandio cha kwanza, na macho yake yalikuwa kwenye mabati.

"Sasa mi naweza kubaambia nini?"

"Sasa shika ngazi."

Akaishika.